Kutenga Mtetemo katika Vyombo vya Sauti vya Nyumbani: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Sindano ya kinanda cha santuri haichagui cha kusoma. Hupokea mtetemo wowote unaoifikia, uwe umechongwa katika mfuo wa santuri au umetokana na mlango uliofungwa kwa kishindo katika chumba cha pili. Kwa sababu hiyo, tangu vyombo vya sauti vilipoingia majumbani, wapenzi wa muziki wamekuwa wakifanya majaribio ya kukitenga chombo na meza, meza na sakafu, na spika na vyote viwili. Majaribio hayo mara nyingi huchukuliwa kuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Makala haya yanadai kwamba katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, yana uzito zaidi ya huo, kwa kuwa sehemu ya historia ya eneo hili imehifadhiwa katika sauti, na sauti hiyo husomwa upya kila inapohamishwa kutoka santuri au kanda kwenda katika kompyuta.

Hoja kuu ni kwamba kuna mitetemo ya aina mbili ambayo mtafiti hapaswi kuichanganya. Upo mtetemo wa mahali wimbo ulipoimbwa, ambao ni sehemu ya ushahidi. Upo pia mtetemo wa mahali wimbo unapochezwa upya, ambao hauhusiani kabisa na wimbo. Wa kwanza hulindwa. Wa pili hutengwa.

2.0 Sauti na Kikalio Chake katika Karagwe ya Kale

Speke na Grant walifika Karagwe mwezi Novemba 1861 na kupokewa na Rumanyika, mtawala wa ukoo wa Wahinda, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Speke alipoendelea na safari kwenda Buganda mwanzoni mwa mwaka 1862, Grant alibaki kwa miezi kadhaa akiugua mguu. Katika kitabu chake cha mwaka 1864 aliandika kuhusu ala za muziki alizoziona, ikiwamo enanga.

Enanga huchongwa kutokana na kipande kimoja cha mti kilichokwanguliwa ndani mfano wa hori. Uzi mmoja mrefu, zamani wa kano, hupitishwa huku na huku katika pengo za kingo mbili, ukafanya nyuzi saba au nane. Nyuzi peke yake hazina sauti ya kutosha. Mtetemo wake huingia katika kingo, kisha katika hori, na ubao ndio unaousukuma upepo. Mpigaji akiiweka enanga mahali pengine, sauti nayo hubadilika. Ngoma za kifalme zilifuata kanuni hiyohiyo: ardhi iliyozibeba na miguu ya wachezaji vilichangia katika kile kilichosikika.

Kwa hiyo, katika utendaji wa jadi kikalio cha ala ni sehemu ya ala. Mtetemo unaotoka nje ya uzi au ngozi haukuhesabiwa kuwa kasoro. Chombo cha kurudufu sauti kilikuja na sharti lililo kinyume chake: kikalio chake kinatakiwa kisisikike kabisa.

3.0 Kutoka Santuri hadi Kaseti

Edison alionyesha fonografu yake mwaka 1877, na muongo mmoja baadaye Berliner akabuni santuri bapa. Gramafoni za awali zilizungushwa kwa springi ya kupindwa kwa mkono, na sindano yake nzito ya chuma iliikandamiza santuri kwa nguvu. Uzito huo uliharibu mfuo, lakini pia uliifanya sindano isitikiswe kwa urahisi. Hizo ndizo zama ambazo Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, na santuri zikaanza kusambaa Afrika Mashariki.

Hali ilibadilika mwaka 1948 ilipotolewa santuri ya muda mrefu yenye mizunguko 33⅓ kwa dakika. Mfuo wake ni mwembamba, na sindano yake nyepesi. Kilichokuwa faida kwa santuri kikawa udhaifu mbele ya mtetemo. Mwaka 1961 Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research nchini Marekani alitoa mtambo ambao sahani na mkono wa sindano vilifungwa pamoja katika fremu moja, nayo fremu ikaning'inizwa kwa springi tatu ndani ya kasha. Kasha likigongwa, sahani na sindano vilicheza pamoja, na kwa kuwa havikuachana, sindano haikusikia kitu. Thorens ya Uswisi ilifuata njia hiyo katika mtambo wa TD 150, na Linn ya Uskoti katika LP12.

Nchini Tanganyika, wasikilizaji wengi hawakupitia hatua hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na redio ikawa chombo kikuu cha nyumbani. Redio za valvu ziliweza kulia zikigongwa, kwani vipande vya ndani ya valvu vilitikisika na kubadili mkondo wa umeme. Redio za transista ziliondoa tatizo hilo. Kaseti, iliyobuniwa na Philips mwaka 1963, nayo ilistahimili meza mbovu kuliko santuri. Kwa sababu hizo, ujuzi wa kutenga mtetemo haukuwa na haja kubwa ya kukua katika nyumba nyingi za Kagera.

Haja hiyo sasa ipo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi muziki wa jamii nyingi za Tanganyika, Wahaya, majirani wa Wanyambo wa Karagwe, wakiwa miongoni mwao. Maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini ilitoa zaidi ya santuri 200 za muda mrefu. Kwa upande wa wasomi wa nyumbani, Mugyabuso Mulokozi alikamilisha mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu ya uzamivu kuhusu tendi za enanga za Wahaya. Santuri na kanda za zama hizo zinahitaji kuchezwa vizuri angalau mara moja zaidi, kwa ajili ya nakala ya kudumu.

4.0 Majaribio Yanayowezekana Nyumbani

Kanuni ya kutenga mtetemo ni nyepesi. Kitu chochote kilichokalia springi au mpira kina masafa yake ya asili, yaani idadi ya mara kitakayocheza kwa sekunde kikisukumwa na kuachwa. Kwa springi ya kawaida, masafa hayo kwa hezi hupatikana kwa kugawa 5 kwa kipeuo cha pili cha sentimita ambazo springi imebonyea chini ya mzigo. Ikibonyea sentimita 1, masafa ni hezi 5. Ikibonyea sentimita 4, ni hezi 2.5; ikibonyea milimita 1 tu, ni karibu hezi 16. Kinga huanza pale mtetemo unaoingia unapozidi masafa hayo mara 1.4 hivi. Chini ya hapo hakuna kinga, na mtetemo unaolingana na masafa ya asili hukuzwa.

Hapa ndipo majaribio mengi hukosea. Kipande cha ndara kilichokatwa na kuwekwa chini ya mtambo kinaonekana laini, lakini kikibonyea milimita moja tu kinaweza kukuza mtetemo wa karibu hezi 16, huku mkono wa sindano wenyewe kwa kawaida ukiwa na udhaifu wake kati ya hezi 8 na 12. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uliotiwa upepo kidogo na kulaliwa na bamba zito la jiwe, hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu uzito mkubwa juu ya kikalio laini hushusha masafa ya asili. Waya pia zisisahaulike: waya mnene uliokazwa kutoka mtambo hadi amplifaya huupa mtetemo daraja la kuvukia.

Namna ya kupima haihitaji maabara. Santuri ikiwa imesimama na sindano imeilalia, amplifaya hufunguliwa kwa kiasi, kisha meza hugongwa taratibu kwa kidole. Kishindo kinachosikika katika spika ni kipimo cha mtetemo uliopenya. Kikirekodiwa katika kompyuta, vikalio viwili vinaweza kulinganishwa, mradi kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Ni muhimu pia kuuliza mtetemo unatoka wapi. Ushauri mwingi wa Ulaya na Marekani uliandikwa kwa nyumba zenye sakafu za mbao zilizoning'inia juu ya mihimili, ambako hatua ya mtu huitikisa sakafu nzima. Nyumba nyingi za Kayanga au Nkwenda zimejengwa chini, sakafu yake ya saruji au udongo ikilala juu ya ardhi. Hapo hatua za mtu si adui mkubwa. Adui ni spika iliyowekwa meza moja na mtambo, jenereta nyuma ya ukuta au lori lililosheheni ndizi linalopita barabarani. Hatua ya kwanza, isiyogharimu chochote, ni kuihamisha spika kwenye meza nyingine.

5.0 Kichujio au Kikalio?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mtafiti ajisumbue, ilhali programu za kompyuta huchuja mngurumo baada ya kurekodi. Jibu limo katika ngoma. Mtetemo unaopita mezani kutoka katika spika mara nyingi huangukia katika masafa yaleyale ya besi ambamo ngoma kubwa husikika. Kichujio hakijui ngoma ni ipi na meza ni ipi; kikiondoa kimoja huondoa na kingine. Kikalio kizuri huizuia meza kabla haijachanganyika na ngoma.

Kinyume chake ni kweli wakati wa kurekodi utendaji ulio hai. Kipaza sauti kikifungwa kwa mipira ili kisisikie sakafu kabisa, vishindo vya miguu ya wachezaji hupungua, navyo ni sehemu ya ngoma. Mtafiti anayerekodi Karagwe au Kyerwa anapaswa kuamua jambo hili kwa makusudi na kuliandika katika shajara yake, ili anayesikiliza miaka 50 baadaye asidhani wachezaji walisimama tuli.

Kutenga mtetemo kuna mpaka wake pia. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliikumba Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba. Ardhi inapotikisika polepole, kwa masafa ya hezi chache, springi laini haikingi. Inaweza kuzidisha mtikisiko na kuangusha chombo. Mtambo uliotengwa vizuri kwa ajili ya kusikiliza uzungukwe na kingo za kuuzuia usianguke, na santuri na kanda zihifadhiwe katika rafu za chini zilizofungwa ukutani.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kikalio cha chombo cha sauti kina historia yake. Katika enanga kikalio kiliongeza sauti. Katika mtambo wa santuri kinatakiwa kinyamaze. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini urithi wa sauti wa wilaya hizo mbili ni mmoja, na wengi wanaoukumbuka kwa masikio yao ni wazee. Nakala ya dijitali ikishatengenezwa, kosa la meza hubaki ndani yake daima. Bamba la jiwe na mpira wa baiskeli ni gharama ndogo kuliko kosa hilo.