Pini Saba za Kahura: Upasuaji wa Uzazi Bunyoro, 1879

Kichwa cha mtoto kisipolingana na nyonga ya mama, uchungu hausaidii kitu. Mji wa mimba husukuma, lakini mtoto hashuki. Kabla ya upasuaji kuwa salama, mkunga hodari aliweza kungoja tu, na mara nyingi alizika mama, mtoto, au wote wawili. Je, jamii zetu za zamani zilifanya nini uzazi ulipokwama? Ninalijibu swali hili kwa tukio moja la Bunyoro, magharibi ya Uganda ya leo.

Shahidi wetu ni Robert Felkin, Mwingereza aliyefika na wamisionari wa CMS kabla hajamaliza masomo yake ya udaktari. Mwaka 1879, mahali paitwapo Kahura, aliona mwanamke wa miaka kama 20, mwenye mimba ya kwanza, akipasuliwa tumbo. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1884 katika jarida la madaktari la Edinburgh.

Mama alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa, na amefungwa kitandani kwa vitambaa vya magome ya mti. Mpasuaji alinawa mikono na kuosha tumbo kwa pombe hiyo, kisha kwa maji. Alikata wima chini ya kitovu. Msaidizi alizuia damu kwa chuma cha moto. Mtoto alipotolewa, mji wa mimba haukushonwa, bali ulikandwa ili ujikaze. Jeraha lilifungwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizozungushiwa nyuzi, likapakwa mizizi iliyotafunwa na kufunikwa kwa jani la mgomba. Pini moja ilitolewa siku ya tatu, tatu siku ya tano, zilizobaki siku ya sita. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona. Mtoto naye aliishi, akinyonyeshwa na rafiki wa mama kwa sababu maziwa ya mama yalikuwa machache.

Niliposoma haya mara ya kwanza nilijivuna, na wenzangu wengi huishia hapo. Husema kwamba wazee wetu walijua habari za vijidudu kabla ya Wazungu. Chanzo hakisemi hivyo. Kunawa kwa pombe kunaonyesha kwamba walinawa, basi. Felkin mwenyewe aliandika kwamba upasuaji huu ulifanikiwa mara nyingine tu, maana yake wapo waliokufa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni zile pini. Zilikuwa tayari kabla ya kisu kuingia. Kila msaidizi alijua kazi yake: mmoja alishika miguu, mwingine tumbo, mwingine chuma. Pini zilitolewa kwa zamu, siku baada ya siku. Mtu anayejaribu jambo kwa mara ya kwanza hana ratiba ya kutoa pini. Nyuma ya mama yule wa Kahura naona mama wengine kabla yake, na watu waliojifunza kwa waliopona na kwa waliokufa.

Tulinganishe na Ulaya ya wakati uleule. Mwaka 1876, huko Pavia, Italia, Eduardo Porro alimpasua mwanamke ambaye nyonga yake iliharibiwa na matege, akaukata na kuuondoa mji wa mimba ili asife kwa damu. Ni mwaka 1882 tu Max Sänger wa Ujerumani alipoeleza namna bora ya kuushona. Kwa hiyo Kahura na Pavia zilikuwa zikipambana na tatizo lilelile: damu baada ya mtoto kutoka. Kila upande ulikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa na bei yake.

Tofauti ni kwamba majina ya Porro na Sänger yameandikwa, na jina la mpasuaji wa Kahura halikuandikwa. Miaka 14 baadaye Waingereza waliivamia Bunyoro, na vita, njaa na maradhi vikaangamiza watu wengi. Ujuzi usioandikwa hukaa katika mikono ya watu, na watu wakitawanyika hutawanyika nao.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu tusitumie Kahura kwa majigambo. Tuisome kama rekodi ya kazi: maandalizi, mgawanyo wa majukumu, na uangalizi wa siku kumi na moja. Hayo ndiyo yaliyompa mama yule nafasi ya kuishi, na mama ambaye uchungu wake umekwama usiku huu anayahitaji vilevile.