Daftari la Wengi: Historia ya Miongozo ya Programu za Kompyuta

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lamfaa mwenye duka na mwenye jahazi, na lamfaa vilevile mtunga programu za kompyuta. Programu ni mfululizo wa amri ambazo mtu huiandikia mashine. Aliyeziandika akiondoka bila kuacha maelezo, wanaobaki huwa na chombo wasichojua kukiongoza.

Daftari mojawapo mashuhuri lilianzia Marekani, katika maabara ya Bell. Tarehe 3 Novemba 1971 Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta walioubuni. Kila amri ilipewa ukurasa wake: jina, namna ya kuiandika, kazi yake, na jina la mwenye kuiangalia. Tena palikuwa na fungu lililotengwa kwa ajili ya kasoro. Jambo hilo si dogo. Mafundi wengi husifu kazi ya mikono yao. Hawa walimwonya msomaji mahali chombo kinapovuja, na kwa kuikiri kasoro wakaufungua mlango wa kusahihishwa.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianzisha Linux, mfumo uliofuata mwendo wa Unix, na ambao yeyote aliruhusiwa kuusoma na kuurekebisha. Kurasa za mwongozo wake nazo zikawa mali ya wote. Msomaji akiona kosa huandika sahihisho, hueleza sababu, kisha hulipeleka kwa mtunzaji. Mtunzaji hulipima kwa kulilinganisha na programu yenyewe, na akiridhika huliingiza. Hapo twaiona maana ya methali, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji ameizoea njia hata halioni shimo. Mgeni ndiye ajikwaaye, na kujikwaa kwake huwafaa wanaokuja nyuma.

Hata hivyo tusidhani kwamba cha wengi hujitunza chenyewe. Tangu mwaka 2004 kurasa hizo zilitunzwa kwa miaka mingi na Michael Kerrisk, na baada yake Alejandro Colomar. Mwezi wa Septemba 2024 Colomar alitangaza kwamba anaisimamisha kazi hiyo, kwa kuwa hakuweza kuendelea kuifanya bila malipo. Kurasa zinazosomwa duniani kote zilikuwa zimeegemea bega moja! Baadaye makampuni yalichanga fedha, na kazi ikaendelea. Kumbe hata shamba la ujima lahitaji mtu wa kulilinda, naye sharti ale.

Nasi tunalo fungu letu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, ikathibitika kwamba lugha yetu yaweza kuubeba mzigo huu. Lakini miongozo ya watunga programu ingali, kwa sehemu kubwa, katika Kiingereza. Mwanafunzi anayengoja ajue yote ndipo aandike hataandika kamwe. Mfano mmoja uliojaribiwa, au kosa moja lililosahihishwa, ni mchango halali. Walimu na wawahimize vijana kuandika walichojifunza wakati wangali wanakumbuka palipowatatiza. Na sote tumwenzi mtunza daftari kabla hajachoka.