Upasuaji wa utumbo hubadili vipi lishe ya mwili?

Mgonjwa wa Koboko anayehitaji upasuaji mkubwa wa tumbo huweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Arua. Akipona hurudi nyumbani, na miaka kadhaa baadaye huenda akatibiwa na mhudumu asiyejua ni sehemu gani ya utumbo iliyokatwa. Sehemu hiyo ndiyo huamua mwili utakosa nini.

Miongoni mwa sababu za upasuaji huo ni utumbo kujisokota, ngiri iliyobana, na homa ya matumbo, ambayo isipotibiwa mapema huweza kutoboa utumbo. Baadhi ya matundu hushonwa tu. Utumbo ulioharibika zaidi hukatwa, kisha ncha zake huunganishwa.

Sehemu ya juu ya utumbo mwembamba hufyonza zaidi madini ya chuma na kalsiamu. Sehemu yake ya mwisho, ambayo ndiyo hasa hutobolewa na homa ya matumbo, hufyonza vitamini B12 na chumvi za nyongo. Utumbo mpana hufyonza maji na chumvi.

Kipande kifupi kikiondolewa, utumbo uliosalia kwa kawaida huzoea kazi yake mpya. Utumbo mwembamba ukibaki chini ya mita 2, mgonjwa huweza kuharisha, kukonda na kuishiwa maji. Hula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Muhogo hutia nguvu, lakini una protini kidogo, hivyo uandamane na samaki, mayai au maharage. Aliyetolewa utumbo mwembamba nje ya tumbo asitegemee maji matupu, kwani hupoteza chumvi nyingi. Huhitaji maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo cha daktari.

Upungufu wa vitamini B12 huchelewa kuonekana, kwa sababu ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Dalili zake ni uchovu, upungufu wa damu, na ganzi miguuni na mikononi. Kula nyama zaidi hakutoshi ikiwa mahali pa kuifyonza vitamini hiyo pameondolewa. Kwa kawaida tiba huwa sindano. Ikicheleweshwa, mishipa ya fahamu huweza kudhurika daima.

Kabla ya kuruhusiwa, mgonjwa aombe kuandikiwa sehemu iliyokatwa, urefu wake na kilichobaki. Karatasi hiyo itunzwe, ionyeshwe kila aendapo kutibiwa.