Dalili ya Mvua ni Mawingu? Kisa cha Watalii 11 wa Antelope Canyon

Wadau, picha za hili korongo nina uhakika umeshaziona hata kama jina lake hulijui. Kuta za mwamba mwekundu zimejikunjakunja kama khanga iliyopeperushwa na upepo ikagandia hewani, halafu mwale mmoja wa jua unashuka kutoka juu mpaka kwenye mchanga. Watu kibao wameiweka kwenye kioo cha simu. Panaitwa Antelope Canyon, jangwani Arizona huko Marekani, karibu na mji mdogo wa Page, ndani ya ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa pale tangu zamani.

Leo siongelei picha. Naongelea watu 11 walioingia humo mchana mmoja wa kawaida kabisa na hawakutoka wazima.

Ilikuwa tarehe 12 Agosti 1997. Watalii walishuka kwenye sehemu ya chini ya korongo, ile ambayo lazima ushuke kwa ngazi. Saba walikuwa Wafaransa, wawili Wamarekani, mmoja Mwingereza na mmoja Mswidi. Majina yao sitayaandika, familia zao zipo na zilishaumia vya kutosha. Jua tu kwamba walikuwa watu kama mimi na wewe: wako likizo, kamera shingoni, wamelipa kiingilio, na jioni wana safari ya kuendelea.

Sasa sikiliza jambo linalofanya kisa hiki kiwe kigumu kukubali. Pale walipokuwa, mvua haikuwa ya kutisha hata kidogo. Yaani ilidondoka kidogo sana. Mvua yenyewe, ile yenye radi, ilinyesha kama kilomita 11 kutoka pale, upande wa juu ambako maji yanatokea. Sisi tumelelewa na methali kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini ukiwa ndani ya korongo anga unayoiona ni kipande chembamba kama utepe. Mawingu ya kilomita 11 utayaonea wapi?

Na usidhani jangwani maji yananywewa na mchanga yanaisha. Kule ardhi ni mwamba mtupu, na penye udongo umekaushwa na jua ukawa kama sakafu. Hakuna nyasi wala miti ya kutosha kuyashika. Kwa hiyo mvua ikipiga, maji yote yanateremka kwa pamoja yakitafuta njia, yanabeba mchanga, mawe na magogo. Yakifika kwenye korongo ambalo sehemu nyingine upana wake ni mabega ya mtu tu, hayana pa kutanukia. Yanachofanya ni kupanda juu. Hapo ni dakika tu, si saa.

Ngazi za wakati ule zilikuwa za mbao, za kuungaunga. Maji yalizing'oa zikaondoka nazo. Sasa fikiria uko chini, kuta laini hazina pa kushika, na ngazi uliyoshukia haipo tena. Kati ya waliokumbwa na mafuriko yale alipona mmoja tu, muongoza watalii, ambaye aliwahi kupata mafunzo ya kujiokoa kwenye maji yaendayo kasi. Wengine wote 11 walikufa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba onyo lilikuwepo miaka na miaka. Kwa lugha ya Wanavajo, sehemu ya juu ya korongo hilo jina lake lina maana ya mahali maji yanapopita kwenye mwamba. Wazee hawakupaita mahali pa kupiga picha. Walipaita kwa kazi yake. Na ukitazama vizuri, zile kuta zenye mikunjo tunazozisifia zimechongwa na mafuriko hayohayo, yakija na kuondoka kwa maelfu ya miaka. Korongo ni mto. Ukilikuta kavu, ujue mto huo haujafika tu.

Na siyo Marekani peke yake. Nenda Petra, Yordani, ule mji uliochongwa kwenye mwamba mwekundu, ambao wapenzi wa muvi waliuona kwenye Indiana Jones ya mwaka 1989. Kuingia pale unapita kwenye njia nyembamba ya zaidi ya kilomita moja, kuta ndefu huku na huku. Wanabatea walioujenga, miaka kama 2000 iliyopita, waliijua hatari hiyo. Wakajenga bwawa mdomoni mwa njia na kuchimba handaki la kuyapeleka maji upande mwingine. Mji ukaja kuhamwa, bwawa likachakaa, hakuna aliyejali. Aprili 1963 mafuriko yakaingia yakawakuta watalii wa Kifaransa ndani, wakafa zaidi ya 20. Baada ya hapo ndipo bwawa likajengwa upya. Watu wa kale wasio na hata redio waliwahi kulitatua tatizo, sisi tukasubiri maiti ndiyo tukumbuke.

Tuje nyumbani kwa jirani sasa. Hell's Gate, Naivasha, Kenya. Si jangwa, ila korongo lake la Ol Njorowa lina tabia ileile. Aprili 2012 kundi la vijana wa kanisa lilikuwa kwenye matembezi ya siku moja, maji yakashuka ghafla, 7 wakafa. Septemba 2019 ikajirudia, tena watu 7, akiwemo muongoza watalii wa palepale. Miaka saba tu katikati.

Mimi naona tatizo kubwa zaidi ya mvua ni sisi tukiwa kundi. Mmechanga hela wiki tatu, gari limekodiwa, pilau iko kwenye hotpoti, watu wameshavaa fulana zinazofanana. Nani ataanza kusema jamani tusiingie? Ataitwa mwoga, ataambiwa ana mkosi. Muongoza watalii naye anajua akirudisha watu wanaweza kudai hela yao. Basi kila mtu anamtegemea mwenzake aseme, na hakuna anayesema. Mnaingia.

Baada ya 1997, pale Antelope walibadilisha mambo. Ngazi za sasa zimefungwa kwenye mwamba kwa bolti. Juu kuna nyavu kubwa za kushusha ili mtu apate pa kushika na kupandia. Kwenye kibanda cha kulipia kuna redio ya hali ya hewa na honi ya tahadhari, na huruhusiwi kuingia bila muongoza watalii. Mwaka 2010 mafuriko yalikuja tena na watalii kadhaa wakakwama juu ya mwamba wakisubiri maji yapungue. Ila waliishi kusimulia. Kwa hiyo inawezekana.

Mkipanga matembezi ya korongoni msimu wa mvua, msiulize tu kama hapo mnapokwenda pana jua. Ulizeni huko juu maji yanakotoka kukoje, na mwulizeni mwenyeji wapi pa kupandia kabla hamjashuka. Na mwenzenu mmoja akisema leo hapana, msimcheke. Hela ya kiingilio inatafutwa tena.

Waliowahi kwenda Hell's Gate au korongo lolote, mliambiwa nini kabla ya kushuka? Tupia hapo chini kwenye komenti, inaweza kumsaidia mtu.