Ufuatiliaji wa Seva Arusha Kabla na Baada ya Mkongo wa Baharini

Historia ya kufuatilia seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine kupitia mtandao, haitenganishiki jijini Arusha na historia ya njia za mawasiliano. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kuendesha kesi zake katika jengo la Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC), ilianza kazi wakati ambapo intaneti ya Tanzania ilitegemea satelaiti kuzifikia nchi za mbali. Kwa kuwa satelaiti hizo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, ujumbe wa kwenda ng'ambo na kurudi ulichukua nusu sekunde au zaidi.

Programu ya ufuatiliaji iitwayo NetSaint, iliyotolewa na Ethan Galstad mwaka 1999 na kubadilishwa jina kuwa Nagios mwaka 2002, ilimwezesha fundi kuziweka seva nyingi katika kundi moja, akaandika agizo la ukaguzi mara moja likatumika kwa zote, pamoja na kizingiti, yaani kiwango ambacho kikivukwa tahadhari hutolewa. Kizingiti cha milisekunde 200 za kusubiri jibu, kinachofaa kwa nyaya za mjini, kingeleta tahadhari za uongo mchana kutwa kwenye satelaiti.

Mikongo ya baharini ya Seacom mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 ilipofika Dar es Salaam, ucheleweshaji ulipungua, nacho kituo cha AIXP huwawezesha watoa huduma za intaneti wa Arusha kubadilishana data humo humo jijini. Kizingiti sahihi, basi, hupatikana kwa kuipima njia yenyewe, si kwa kunakili mipangilio ya mji mwingine.