“Cash out” Kakuma: kutoa au kugeuza?

Mtu akifika kwa wakala wa M-Pesa mjini Lodwar akasema “nataka kutoa elfu mbili”, haulizwi anampa nani. Anaonyesha kitambulisho, anaweka namba ya siri, anahesabiwa noti. Kiingereza hukiita kitendo hicho “cash out”, na hapo neno kutoa linatosha kabisa. Kijineno “out” hakihitaji tafsiri. Maana yake imo ndani ya kitenzi chetu, ndugu wa toka. Kinachobaki bila kutajwa ni pesa taslimu.

Kakuma, kambi ya wakimbizi nchini Kenya, kama kilomita 120 kaskazini magharibi mwa Lodwar, pengo hilo linaumiza. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwapa wakimbizi sehemu ya posho yao kwa simu, chini ya jina Bamba Chakula. Kaya ilipata laini na namba ya siri. Salio lilitumika kwa wauzaji walioidhinishwa tu, kwa chakula tu. Mama alinunua maharagwe, mafuta na sukari, lakini kuni, sabuni na pesa ya kusagisha hakuweza kuzipata kwa salio lile. “Cash out” hapo ilikuwa kulitoa salio kwenye mfumo likawa noti mkononi, na ilikatazwa. Aliyebanwa aliuza chakula kwa hasara apate shilingi, au akaweka laini yake rehani kwa mwenye duka aliyemkopesha.

Sasa mwandikie mtu huyo: “Huwezi kutoa pesa hizi.” Tunatoa sadaka, tunatoa ada, tunatoa mchango, na kote huko pesa zinakwenda kwa mwingine. Ataelewa kwamba hata kulipa hawezi? Kambini wapo Wakongo waliokua na Kiswahili na wapo Wasudani Kusini waliokiokota sokoni. Tangazo la posho lisimwachie yeyote kubahatisha, kwani anayebahatisha vibaya analala njaa.

Kwa hiyo ningeandika: “Salio hili haligeuzwi kuwa pesa taslimu, nunua chakula dukani.” Ni refu kuliko kutoa, na urefu huo una faida. Neno fupi libaki kwa wakala na benki. Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, WFP ilipoanza mwaka 2019 kuwapa wakazi pesa zisizo na masharti kupitia akaunti za benki, kutoa lilikuwa neno lenyewe: aliyetaka sabuni alitoa, akaenda kununua.