Imamu Abdullah Haron: Miaka 54 ya Kuitafuta Kweli



Ndugu wasomaji, msiba ukiingia nyumbani sisi Waislamu huwa na haraka ya jambo moja: kumsitiri maiti wetu. Aoshwe, akafiniwe, aswaliwe, azikwe. Lakini vipo vifo ambavyo polisi husema "ngojeni kwanza", na mwili ukapelekwa hospitali kuchunguzwa. Hapo ndipo wazee wa familia huniuliza: Ustadh, tukubali au tukatae? Leo nitajibu kwa kisa cha imamu mmoja wa Cape Town, Afrika Kusini.

Alikuwa nani?

Abdullah Haron alizaliwa mwaka 1924. Mwaka 1955 alichaguliwa kuwa imamu wa msikiti wa Al-Jamia, Stegman Road, mtaa wa Claremont. Alikuwa mwalimu wa vijana na mhariri wa gazeti la Muslim News. Kwa riziki yake aliuza pipi kwa niaba ya kampuni moja, na kazi hiyo ilimfikisha Langa, Nyanga na Gugulethu, mitaa waliyotengewa Waafrika na utawala wa ubaguzi wa rangi. Hakupeleka pipi tu. Alipeleka pia msaada kwa familia za waliofungwa kwa sababu ya siasa. Watu wa huko wakimwita Mfundisi.

Tarehe 28 Mei 1969, siku ya Maulidi, polisi wa usalama walimkamata. Sheria ya Ugaidi ya mwaka 1967 iliwaruhusu kumzuia mtu bila kesi, bila wakili, na bila kuonana na mkewe wala watoto wake. Alikaa hivyo siku 123. Tarehe 27 Septemba 1969 akafa mikononi mwao. Alikuwa na umri wa miaka 45, ameacha mjane, Bibi Galiema, na watoto watatu.

Polisi walisema aliteleza akaanguka kwenye ngazi.

Alizikwa tarehe 29 Septemba katika makaburi ya Mowbray. Inakadiriwa watu 30,000 au zaidi walilifuata jeneza lake. Usiku huohuo tetemeko kubwa la ardhi lilipiga upande wa Tulbagh, na wazee wa Cape Town husimulia mambo haya mawili pamoja hadi leo. Lakini Mtume (s.a.w.) alitufundisha, jua lilipopatwa siku ya kifo cha mwanawe Ibrahim, kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu. Basi tuliache tetemeko, tuutazame ushahidi.

Uchunguzi wa kwanza

Uingereza imekuwa na koroneri, yaani ofisa wa kuchunguza vifo vya ghafla na vya kutatanisha, tangu mwaka 1194. Waingereza waliisambaza sheria hiyo katika makoloni yao. Afrika Kusini, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kazi hiyo ilipewa hakimu. Daktari hupasua na kuandika anachokiona, polisi hukusanya maelezo, kisha hakimu huketi mbele ya watu. Hatafuti mtu wa kumfunga. Anajibu maswali manne: Marehemu ni nani? Alikufa lini? Kilichomuua ni nini? Je, kuna mtu ambaye tendo lake, au kuacha kwake kutenda, kulisababisha kifo hicho kwa namna iliyo kosa kisheria?

Kwa Imamu Haron, daktari wa serikali alikuwa ameandika alichokiona: ubavu uliovunjika na michubuko zaidi ya 20 mwilini, mingine mipya na mingine ya siku za nyuma. Zingatieni, ndugu zangu. Mtu akianguka mara moja, michubuko yake huwa ya siku moja. Hata hivyo, mwaka 1970 hakimu aliyapokea maelezo ya polisi kwamba sehemu ya majeraha ilitokana na kuanguka kwenye ngazi. Kuhusu yaliyobaki, alisema hawezi kujua yalitoka wapi. Jalada likafungwa.

Jalada linafunguliwa

Kwanza njia ilifunguliwa na familia nyingine. Ahmed Timol, mwalimu wa shule na Mwislamu, alikufa mikononi mwa polisi Johannesburg tarehe 27 Oktoba 1971. Mwaka 1972 hakimu alisema amejirusha mwenyewe kutoka jengo la polisi. Mpwa wake hakukubali. Alikusanya nyaraka na kutafuta mashahidi kwa miaka mingi, hadi tarehe 12 Oktoba 2017 jaji akatamka kwamba Timol hakujiua, bali alisukumwa.

Familia ya Haron nayo ikaomba. Bibi Galiema hakuwahi kuiona siku hiyo. Alifariki tarehe 29 Septemba 2019, miaka 50 kamili tangu mumewe azikwe. Novemba 2022 kesi ikafunguliwa upya katika Mahakama Kuu ya Cape Town, na safari hii watoto walisimama wakasema. Bingwa wa uchunguzi wa maiti aliisoma tena ripoti ya mwaka 1969, na mhandisi akaupima ule uongo wa ngazi. Majeraha hayakulingana na kuanguka.

Tarehe 9 Oktoba 2023 Jaji Daniel Thulare aliufuta uamuzi wa mwaka 1970, akatamka kwamba Imamu aliuawa na mateso ya polisi wa usalama. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kifo hicho. Lakini watoto walisikia kwa masikio yao mahakama ikisema kwamba baba yao hakuteleza.

Tunajifunza nini?

Kilichoiokoa kweli ni karatasi ya daktari. Polisi walidanganya na hakimu alikosea, lakini ubavu na michubuko vilikwisha kuandikwa, na maandishi yakangoja zaidi ya nusu karne. Kama mwili ungezikwa bila kuchunguzwa, yule bingwa angesoma nini?

Asili katika dini yetu ni kuuheshimu mwili wa maiti, na haifai kuupasua ovyo. Lakini wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu uchunguzi panapokuwa na dharura, kama haki ya mtu kupotea. Basi kifo kikiwa na shaka, hasa cha aliyekuwa mikononi mwa wenye nguvu, msikimbilie kukataa. Muulizeni sheikh wenu. Ombeni uchunguzi ufanywe mapema ili maziko yasicheleweshwe. Ulizeni kama daktari mnayemwamini anaweza kuhudhuria. Ombeni nakala ya ripoti, na muihifadhi kama mnavyohifadhi hati ya nyumba.

Nanyi vijana, msione haya kuuliza habari za kifo cha mzee wenu. Kumzika ni haki yake juu yetu. Kuitafuta kweli ya kifo chake nayo ni haki yake.

Allah amrehemu Imamu Abdullah Haron na mkewe, na maiti wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.